Pema

Kwa kawaida mimi huishia mlangoni.
Mgonjwa akishasema ndiyo kwa kinywa changu,
karatasi ikishasainiwa,
nusu kaputi hushuka mshipani, bomba hupita kooni,
na mkalimani hana tena wa kumsemea.
Hujiendea zake kusubiri basi.

Leo Daktari Halldorson amenivisha kofia ya karatasi
na viatu juu ya viatu,
akaniketisha kwenye kigoda, uso kwa uso na Mama Wabiwa
aliyelazwa ubavu, mkono wa juu umeinuliwa
kama wa mtoto anayeomba ruhusa ya kutoka darasani.

"Mwambie hatutamlaza kabisa.
Mapafu yake, baada ya kile kifua kikuu cha kambini,
tukiyakabidhi kwa mashine
huenda yasikubali kurudi kazini."
Nikamwambia.
"Kwa hiyo nitasikia kisu?"
Utasikia mkono. Kisu hutakisikia.
"Na weye utabakia hapa?"
Hilo sikulitafsiri. Nililijibu.

Ganzi ikachomwa kati ya mbavu, ubavu kwa ubavu.
Tundu moja, upana wa kidole gumba.
Hewa ya Winnipeg ikaingia mahali isipowahi kualikwa
na pafu la kulia likanywea
kama unga ulioumuka ukabonyezwa ngumi.
Nililiona kwenye kioo, na sikutakiwa kutazama kioo:
rangi ya waridi, madoa ya masizi,
kuni za miaka arobaini zimeandika humo.

Tisini na sita.
Tisini na moja.
Themanini na nane.
Macho yake yakaacha ukuta, yakanishika.
"Nipeme? Nipeme namna gani?"

Mimi mtu wa Korogwe.
Kwetu neno hilo hukaa nyuma ya jina la marehemu:
Mungu amlaze mahali pema.
Kwao Fizi ndilo wanaloambiwa walio hai,
vuta, toa, vuta.
Miaka sita ya kazi hii nimekuwa nikilisahihisha
kimoyomoyo, kila nilisikiapo: pumua, mama, husemwa pumua.
Tena ni neno gumu. Huwezi kulitamka
bila kufunga midomo kwanza,
kisha uuachie upepo.

Pema, nikasema.
Pema polepole, mama. Pema.

Akapema. Pafu la kushoto likabeba zigo la mwenzake
bila kunung'unika,
na namba zikaanza kupanda ngazi, moja, moja.

Daktari Fontaine, mlinzi wa namba,
mzaliwa wa ng'ambo ya mto, Saint Boniface,
akaniuliza ni neno gani hilo, akalijaribu mwenyewe:
"Pima, mama. Pima."
Mama Wabiwa akacheka.
Usicheke! Pafu likaruka kama samaki kikapuni,
Halldorson akainua vyuma vyake juu, akangoja,
wote tukangoja kicheko kiishe.
Na kusema kweli Fontaine hakukosea sana.
Kupima ndiyo kazi yake.

Kinundu kilitoka ndani ya kifuko cha plastiki,
kikubwa kama kunde, si zaidi.
Majibu Alhamisi.
Kisha akaruhusiwa kukohoa, nami nikatafsiri kohoa
kwa furaha isiyo na sababu,
na pafu likafumuka, kona baada ya kona,
likarudi kujaza nyumba yake.

Nje, nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri.
Kituoni kila mtu ana wingu lake mdomoni,
hakuna awezaye kuficha kwamba yu hai.
Nikatoa fomu ya malipo.
Lugha: Kiswahili. Saa: mbili.
Maelezo ya kazi iliyofanyika:
hapo wino ukaganda.

Nikaisogeza kalamu midomoni,
nikaipemea.